Kabla Njaa Yangu Haijakatwa

...na kama nikiigusisha tu sigara kwenye kaa mpaka ishike yenyewe, bila kuivuta, nitakuwa nimevunja sharti au sijalivunja, hilo ndilo swali, maana daktari alisema usivute, hakusema usiwashe, na mimi nimeshashinda midahalo kwa tofauti nyembamba kuliko hiyo, lakini sigara haina habari na midahalo, sigara isiyovutwa haishiki vizuri, inaungua upande mmoja, inapinda, inazimika, na Bibi akiipokea tu atajua, atauliza hii imewashwa na nani, na marehemu?... basi nimekaa hapa jikoni kwake Murangi, kwenye kigoda ambacho kimebeba nusu yangu na nusu nyingine inaning'inia hewani, mkono wa kulia nimeshika sigara isiyo na kichungi, wa kushoto nimeshika koleo, na kwenye koleo kuna kaa la moto nililolichagua mwenyewe katikati ya mafiga, jekundu, halina moshi, na ng'ambo ya ukuta Bibi Nyangi anamenya mihogo na shangazi Dafroza huku anangoja, "Matrida wee! Huo moto umeufuata Kisorya? Umevuka na kivuko?" na mimi najibu, "Nakuja, Bibi, kaa halijaiva," uongo, kaa limeiva tangu nilipolishika, asiyeiva ni mimi, kwa sababu keshokutwa napanda basi pale Musoma kwenda Dar es Salaam, na huko watanipima mkojo, wakikuta tumbaku wananirudisha nyumbani na tumbo langu lote, na upasuaji unaahirishwa, na mtu aliyenigharamia, baba mdogo Werema wa Buhemba, alishasema yeye hana moyo wa kuahirisha, ama sasa ama basi... na kuwasha ni kuvuta, hakuna njia ya katikati, niliitafuta wiki nzima na hakuna, unaweka ncha kwenye kaa, unaweka mdomo upande wa pili, unavuta mara mbili kwa nguvu mpaka mashavu yanaingia ndani, ndipo inashika, na hiyo kazi katika nyumba hii ni ya mjukuu wa kike, haijawahi kuwa ya mtu mwingine, kiberiti Bibi hakitaki, anasema kinaacha harufu ya baruti kwenye tumbaku, na hata angekitaka upepo wa ziwa ungekizima, na hata upepo usingekuwepo mikono yake inatetemeka hivi sasa kiasi kwamba njiti ingewasha kanga kabla ya sigara, kwa hiyo mjukuu anaingia jikoni, anawasha, anatoka mbio na sigara inayofuka, na Bibi anaipokea, anaigeuza, na hapo ndipo wageni wanapopiga kelele, anaigeuza ncha yenye moto anaiingiza mdomoni, anafunga midomo, na anaendelea kumenya mihogo kama mtu anayemung'unya pipi.

Nilikuwa mdogo kabisa nilipoanza kujiuliza ule moshi unakwenda wapi, kwa sababu mwanaume akivuta unauona, unamtoka puani, unazunguka kichwa chake kama cheo, lakini kwa Bibi na wenzake wa pwani hii ya ziwa moto unaingia mdomoni na hakuna kinachotoka, labda kauzi kembamba pembeni ya midomo, nikamuuliza, Bibi, haikuunguzi? akasema ulimi unajifunzaga kukaa mbali, nikamuuliza, na majivu? akageuka akatema majivu meupe kama mavi ya kuku, nikamuuliza, na moshi? akanitazama, akacheka, akasema nenda ukachote maji... na hilo ndilo lililoniudhi, sikupenda swali langu lipewe ndoo, na mpaka leo sipendi, nafikiri ndiyo sababu niliingia kwenye midahalo, nilitaka mahali ambapo mtu akiulizwa lazima ajibu na saa iko mezani, na nikiwa naiwasha siku moja hapahapa, kwenye mafiga haya haya, sikuutema ule moshi wa kuwashia kama tulivyofundishwa, niliumeza, kwa makusudi, nilitaka kujua, na nikajua, kichwa kikawa chepesi, na mkate niliokuwa nautamani tangu asubuhi nikausahau kabisa, huo mkate siukumbuki hata ulikuwa wa nini, nakumbuka tu kwamba ulifutika... "Mama, hilo moshi litakuua," huyo ni shangazi, amesali sana tangu aokoke, na Bibi anamjibu, "Litaniua lini, Dafroza? Mbona lina uvivu hivyo? Limeanza kabla hujajua kutembea," "Mchungaji anasema mwili ni hekalu," "Sasa hekalu si linafukizwaga ubani?" na Bibi anacheka peke yake, kicheko chake cha kikohozi, na mimi humu ndani nacheka kimyakimya mpaka kaa linatikisika kwenye koleo, ningekuwa mwamuzi ningempa alama zote, hakuna mtu chuoni kwetu anayejibu kwa kasi ile, hakuna, hata mimi.

Chuoni ilikuwa hivyo hivyo, moto ndani, niliendelea nao kwa sababu unafichika, msichana akivuta kama wanaume kila mtu ana maoni, lakini akisimama bafuni na moto ndani ya mdomo hakuna ncha inayong'aa gizani, hakuna moshi, mpaka siku Dorah, tunayekaa naye chumba kimoja, alipofungua mlango akaniuliza kitu na mimi nikajibu nimesahau kuitoa, akaona cheche nyuma ya meno yangu, akapiga yowe hosteli nzima ikaamka, "Matrida anakula moto! Jamani, Matrida mchawi!" na nilipomweleza kwamba kwetu ni kitu cha kawaida cha mabibi, alikaa kitandani akauliza, "Na wewe ni bibi wa nani?" swali zuri, na ndiye huyo huyo Dorah aliyeniambia, kwa upole, tunakunywa chai, "Shoga, nikwambie kitu usinune? Wewe usiku unakufaga halafu unarudi," nikasema unamaanisha nini, akasema unakoroma, halafu kimya, hupumui, mimi nahesabu, naogopa, nataka kuja kukutikisa, halafu ghafla unavuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani, na kila siku ni hivyo, na hapo ndipo habari yote ya hospitali ilipoanza, Bunda wakapima sukari wakatikisa kichwa, wakapima presha wakaniuliza umri mara mbili, kama vile nimedanganya, kisha nikaandikiwa Dar, na kule yule daktari wa upasuaji, kijana mwenye miwani, sauti ya chini, akachora tumbo langu kwenye karatasi, akalikata kwa kalamu, akasema hapa tunaondoa, hapa tunabakiza, utabaki na tumbo lenye umbo la ndizi... na mimi nilikwenda pale na hasira zangu zimepigwa pasi, nimejiandaa, nilikuwa nangoja aseme kitu kimoja tu cha kunidharau, nimwoneshe, kwa sababu wote wanasemaga, Musoma mjini ukishuka bodaboda anasema dada leo umeniongezea pancha, kanisani wanasema umenawiri mpaka unawauliza kunawiri au kunenepa semeni moja, kule chuoni kwenye fainali mvulana mmoja alisimama ukumbini akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, msemaji amekuja na hoja nzito, viti vinalalamika," ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na nikamjibu kwamba uzito wa hoja yangu ni ushahidi, yako inapeperuka kwa sababu haina kitu ndani, tukashinda, nikapewa cheti, nikaenda bafuni na sigara mbili na sikula siku ile mpaka kesho yake jioni, halafu nikala peke yangu chakula cha watu watatu, bila njaa, nakumbuka vizuri, bila njaa yoyote, kama mtu anayefyatua matofali... lakini daktari hakusema kitu cha kudharau, aliniudhi kwa kuwa na adabu, akasema sigara uache wiki sita kabla, mshono wa ndani hauponi vizuri kwenye damu yenye moshi, unaweza kuvuja, na ukivuja ni hatari ya kufa, nikamrukia, nikasema na wanaume wenye vitambi mnaowapasua, nao mnawapima mkojo au mnawaamini kwa sababu ya makoti yao? akasema, "Tunawapima wote, na wao ndio wanaodanganya zaidi," na ni jambo baya sana kwenda vitani ukakuta adui amekuandalia kiti kinachokutosha, na kweli kiti chake kilinitosha, hakikuwa na mikono, alikuwa amefikiria.

Nikamuuliza basi, kwa udadisi sasa, siyo kwa vita, hicho kipande mnachokitoa mnakipeleka wapi? akatabasamu, akasema maabara wanakiangalia, kisha kinachomwa, na tangu siku hiyo sijaacha kufikiri, kipande changu kitachomwa Dar es Salaam na mtu asiyenijua, moshi wake utatoka kwenye bomba fulani, wakati kitovu changu kimefukiwa hapa nyuma ya nyumba ya Bibi na anakumbuka mahali, ningeweza kuomba wanipe? wangenipa kwenye nini, kwenye chupa, kwenye ndoo? ningekipanda nacho basi la Musoma? mama ataniua, mama kule Butiama ameshanikataza hata kumwambia Bibi neno upasuaji, "Mwambie unakwenda kutibiwa tumbo, basi, ukimwambia wanakata atasema tumekuuza," na yuko sahihi, kwa sababu Bibi anajivunia mwili huu kuliko cheti changu chochote, jana niliposhuka barabarani akapiga kigelegele, akaita majirani, "Njooni muone, njooni muone mke mwenzangu alivyoshiba!" ananizunguka kama gari jipya, ananipiga makofi mgongoni, "Huyu hajui njaa, huyu!" na mimi nimesimama pale na dawa za presha kwenye mkoba, nimefurahi na nimekasirika kwa wakati mmoja, nikijiuliza ni nani ana haki ya kuusomea mwili wangu hukumu, daktari anasema ni ugonjwa, bodaboda anasema ni mzigo, Bibi anasema ni ushindi, na mimi mwenyewe mwenye mwili sijawahi kupewa nafasi ya kusema... na daktari akaongeza jambo, sehemu ile tunayokata, alisema, ndiyo yenye kutengeneza ile homoni ya njaa, kwa hiyo kwa muda mrefu hutasikia njaa kama zamani, wengine wanasema hawaisikii kabisa, alilisema kama habari njema, na kwa mtu aliyekuwa anaingia bafuni na moto mdomoni ili asile ilikuwa habari njema, nilitoka pale natembea haraka, nikasema hatimaye, sasa sigara ya nini tena, nitakuwa nimekatwa mahali panapotoa njaa, na nikaacha siku ileile, kwa hasira, ninaachaga vitu kwa hasira, nikatafuna karafuu, nikatafuna miwa, nikagombana na Dorah kuhusu ndoo, nikalia kwenye maktaba, na wiki zimekwenda, na leo Bibi kanipa sigara moja tu mkononi, kanipa kwa upendo, "Mke mwenzangu, niwashie," na ulimi wangu wote umelowa mate kama mbwa.

"Hivi mama, na mimi nikuulize," ni Dafroza, sauti yake imebadilika, siyo ya mchungaji tena, nasikia kisu kimesimama kwenye muhogo, "ulianzaga ya nini? Wewe hata pombe hunywi," na Bibi, "Matrida! Sigara!" na mimi, "Bado kidogo, Bibi!" na Bibi, "Hawa wa chuo hawawezi hata kuwasha moto... ya nini? Njaa," "Njaa gani?" "Mwaka ule mihogo ilikaukaga shambani, wadudu wale weupe, wewe ulikuwa unatambaa, kaka zako wanakimbia, baba yenu Masatu akienda ziwani analeta furu wa kujaa kiganja, sufuria ni moja"... furu ni vile visamaki vidogo vya miamba, mifupa mitupu, sikiliza, Matrida, nyamaza kichwani usikilize... "sasa mimi nikikaa kwenye sufuria na nyie, na mimi nina njaa, unafikiri mkono utanisikiliza? Mkono hausikilizagi. Ndiyo mama mkwe wangu akaniambia, mwali, weka moto ndani, funga mdomo, meza. Tumbo linadanganyika, linalala. Na mtu akikuona umefunga mdomo hivi anajua umeshiba," na Dafroza, "Na baba hakujua?" "Alikuwa anaulizaga, mbona huli? Namwambia mimi nimeshaonja jikoni, nimeonja mpaka nimeshiba, wapishi ndivyo tulivyo. Anacheka. Anakula," na upepo unapita, kuku anaparura makapi, na Dafroza taratibu, "Hata tulipokua, sisi tulikuwa tunasema mama anaringa, hataki kula na sisi sinia moja," na Bibi, "Ndiyo, niliwasikia," na kisu chake kinaendelea kumenya, halafu, "Sasa unalia nini juu ya mihogo, Dafroza, itakuwa michungu," na Dafroza anapenga kamasi, "Na njaa ilipoisha si ungeacha?" "Iliisha. Lakini mimi nikawa nimeshasahau inavyosikikaga. Mpaka leo sijuagi kama nina njaa ama sina. Nakula nikiona nyie mnakula."

Nakula nikiona nyie mnakula... kaa linaanza kuvaa majivu, nalipuliza, linarudi jekundu, uso unaniwaka, na nimeacha kufikiria mate, kwa sababu hilo neno mimi ndiye ninayelisemaga, siyo kwa mdomo, mimi nakula nikiona watu wanakula, nakula nikichekwa, nakula nikishinda, nakula Dorah akila, nakula saa imefika, na siku nyingine siku nzima sili, moto ndani, na sijui, kwa kweli sijui, nikiulizwa sasa hivi njaa yako ikoje, iko wapi, inakaa mkono gani, ina sauti gani, sina jibu, nimesoma mpaka mwaka wa tatu na sina jibu, na ninatakiwa niwe na hasira, natafuta wa kumkasirikia, hiyo ndiyo tabia yangu, nimkasirikie mama mkwe aliyemfundisha, lakini yeye naye alifundishwa na nani, nimkasirikie babu Masatu aliyecheka akala, nina hamu sana ya kumkasirikia babu Masatu, amka babu, simama, tueleze, mwanamke anapika kila siku anaonja anashiba, anaonja nini, anaonja sufuria ile ya furu wa kujaa kiganja, hukuhesabu mifupa?... lakini yuko kaburini hapo kwenye minyonyo na hatajibu, na pengine alijua, pengine kucheka kulikuwa ndiyo njia yake ya kula bila kufa kwa aibu, sijui, sijui, leo sijui mambo mengi... na Bibi wakati huo alikuwa na umri gani, nafikiri alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, msichana tu, mwenye watoto wanaotambaa, ameegemea ukuta huu wa jiko na moto mdomoni, anafundisha tumbo lake kulala, na tumbo likajifunza vizuri mno, na yeye anapiga kigelegele barabarani akiniona, huyu hajui njaa huyu, na ni kweli, Bibi, mimi na wewe wote hatuijui, wewe uliilaza ili sisi tuwepo na mimi niliilaza ili nisiwepo sana, nipungue, nichukue nafasi ndogo kwenye benchi, na moto ni uleule, na mdomo umefungwa vilevile.

Na upasuaji siupingi, lazima nijiambie wazi nisije nikajifanyia ujanja hapa kwa sababu ya machozi ya mihogo, nautaka, nakufa usiku na kurudi na ipo siku sitarudi, sukari haisikilizi ushairi, yule daktari wa miwani ni mtu mwema na kiti chake kilinitosha, nitakwenda, nitalala kwenye meza yake, nitahesabu kurudi nyuma kama watakavyosema, nitaamka na ndizi tumboni, na kile kipande kinachotoa njaa kitakuwa kimekwenda, na hapo, hapo ndipo ninapokwama, kwa mara ya kwanza tangu anichoree ile karatasi nakwama mahali ambapo si woga wala si hasira, ni kitu kingine, ni kama ulikaa na mpangaji nyumba moja miaka yote, mlango wake umefungwa, unasikia tu miguu yake, unaongeza sauti ya redio usimsikie, halafu unaambiwa anahama wiki ijayo, hatarudi, na ghafla unataka kujua jina lake, anatoka wapi, alikuwa anapenda nini... nilikuwa naacha sigara ili mkojo wangu usinishtaki, hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu yote, nijisemee ukweli, naacha mpaka wapime, wakishapima na kukata na kushona na pakapona nitaona, kumbe nilikuwa nimeacha mlango wazi nyuma yangu, sigara ingeningoja, na sasa sitaki, siyo kwa ajili ya mshono, natazama hii sigara kwenye vidole vyangu na ni kitu cha ajabu, ni nyeupe, ni nyepesi, ndogo mno kwa kazi iliyofanya kwenye ukoo huu, na naona kwamba nikiivuta mara mbili tu, mbili za kuwashia, kichwa kitakuwa chepesi na huyu aliyeko ndani atalala tena, atalala mpaka basi, atalala mpaka meza ya daktari, na nitakuwa nimeishi naye tangu nizaliwe na nimemzika bila kumwona uso, na siku nilizobaki naye ni chache, kuna leo, kuna kesho, kuna safari nzima ya kwenda Dar, kuna vitanda vya kungojea, ni kidogo lakini si bure.

"Matrida! Umelala na moto mkononi?" na Dafroza, "Mwache mama, labda ameunguza vidole," na Bibi, "Vidole vyenyewe vilivyoshiba vile vitaungua lini," wanacheka wote wawili, Dafroza bado na kamasi, na mimi nafungua mdomo kujibu, ngoja, ngoja kidogo, najua nitakalosema, nitasema Bibi njoo, njoo ndani, nitakushika mkono wako utulie, nisikuwashie kwa niaba yako bali tuwashe pamoja, utaweka mdomo wewe, utavuta wewe, ni sigara yako na sababu yako uliilipia, mimi nimeacha, nitamwambia nimeacha na atauliza kwa nini, na nitamwambia wanakwenda kunikata, mama anisamehe kule Butiama, nitamwambia wanakata mahali panapotoa njaa, na nina hamu ya kuona uso wake akisikia kwamba siku hizi kuna watu wanaofanya kwa kisu kile alichokifanya kwa moto, atacheka au atanitukana au atauliza kama wanaweza kumrudishia yake, sijui kabisa, na kutojua huku ni kutamu... lakini ngoja, usinyanyuke bado, kuna kitu, hapa, siyo tumboni kama nilivyodhani siku zote, ni juu zaidi, chini ya mfupa wa kifua, kama mtu anayegusa mlango kwa kidole kimoja, hapigi, anagusa, anaacha, anagusa, halafu kinashuka, kinajisokota kidogo, kina aibu, hakisemi mkate, hakisemi samaki, hakitaki sinia la watu watatu, sijui kinataka nini bado, kinagusa tena, kaa limeshikwa na koleo, sigara haijawaka, Bibi ananiita, nasikiliza.